UCHAMBUZI: Usalama wa Umeme wa Maji Waanzia Msituni na Kuishia Bondeni

Katika kipindi kisichozidi miaka tisa, Tanzania imewahi kuzima vituo vyake vya kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji mara mbili, kwa sababu mbili zinazopingana. Oktoba 2015, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lilitangaza kusimamisha vituo hivyo kwa kuwa maji yalikuwa yamepungua mno; vituo vyenye uwezo wa megawati 561 vilikuwa vikizalisha megawati 105 tu. Machi 2024, Shirika hilo hilo lilizima vituo vitano kwa kuwa umeme uliokuwa ukizalishwa ulizidi mahitaji ya nchi, huku mito ikiwa imejaa hadi kingo zake.

Ukame uliokausha mabwawa na mvua zilizoyafurisha ni pande mbili za jambo moja. Mabadiliko ya tabianchi hayaondoi mvua Afrika Mashariki, yanaivuruga. Miaka ya upungufu inakuwa mikali zaidi, na miaka ya neema inakuja na maji yanayovunja madaraja, kuzamisha mashamba na kuua watu. Nchi iliyoamua kujenga uchumi wake juu ya umeme wa maji inalazimika kuzipanga pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Uchambuzi huu unaangalia nafasi ya Bwawa la Julius Nyerere katika hali hiyo mpya. Hoja kuu ni kwamba ukubwa wa bwawa, pamoja na umuhimu wake, si dhamana ya kutosha. Usalama wa umeme wa maji unategemea mambo mawili yaliyo nje ya kuta za zege: hali ya misitu na ardhi oevu katika vyanzo vya mito, na utayari wa wananchi wanaoishi chini ya bwawa.

Kutoka mgawo hadi ziada

Kwa miongo mingi gridi ya Taifa iliegemea mito michache. Kituo cha Kidatu, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, kina uwezo wa megawati 204. Kihansi kina megawati 180, Mtera 80, Pangani 68, Hale 21 na Nyumba ya Mungu 8. Bwawa la Mtera, lililo mpakani mwa mikoa ya Iringa na Dodoma, lilijengwa kwanza kama ghala la kutunzia maji ya Kidatu. Maji yaleyale ya Ruaha Mkuu huzungusha mitambo ya Mtera, kisha ya Kidatu.

Udhaifu wa mfumo huo ulikuwa wazi kwa yeyote aliyefuatilia taarifa za kina cha Mtera. Bwawa hilo huhesabiwa kuwa limejaa maji yanapofika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha chini kabisa cha kuendesha mitambo ni mita 690. Tofauti ya mita nane na nusu ndiyo iliyoamua kama karakana za uchomeleaji, mashine za kusaga na saluni zingefanya kazi mchana kutwa au zingesubiri zamu ya mtaa wao. Mwaka 2006 mvua zilipokosekana, nchi iliingia katika mgawo mkali na kulazimika kukodi mitambo ya dharura inayotumia mafuta, kwa gharama kubwa. Miaka ya 2010 na 2011 hali hiyo ilijirudia.

Ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ulikusudiwa kuvunja mzunguko huo. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019 na Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli. Ujazaji wa maji ulizinduliwa Desemba 22, 2022 na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme katika gridi Februari 2024, na mtambo wa tisa ulikamilika Aprili 2025. Kila mtambo una uwezo wa megawati 235, na yote kwa pamoja hufikisha megawati 2,115. Mradi umegharimu takriban shilingi trilioni 6.5.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za gridi. Uwezo wa mitambo yote ya kuzalisha umeme umevuka megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu ya nchi mwaka 2025 yalikuwa takriban megawati 1,900. Nchi ambayo Novemba 2022 ilikuwa na upungufu wa umeme kwa sababu ya ukame, na ambayo Septemba 2023 ilirudi tena katika mgawo, sasa ina akiba.

Ndani ya mafanikio hayo kuna swali ambalo mwananchi ana haki ya kuliuliza: je, nchi imeondokana na utegemezi wa mvua, au imeuongeza?

Jibu la haki ni kwamba imefanya yote mawili. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, takriban mara kumi ya ujazo wa Mtera. Ghala la ukubwa huo linaweza kubeba maji ya msimu mzuri na kuyatumia katika msimu mbaya unaofuata, jambo ambalo mabwawa ya zamani hayakuliweza. Hapo utegemezi umepungua. Hata hivyo, takriban theluthi mbili ya uwezo wote wa gridi sasa ni nguvu ya maji. Zaidi ya hayo, Mtera, Kidatu, Kihansi na Julius Nyerere, vituo vinavyobeba zaidi ya asilimia 90 ya umeme wa maji nchini, vyote vimo ndani ya bonde moja, Bonde la Rufiji. Miaka kadhaa mfululizo ya mvua haba katika nyanda za juu kusini ingevigusa vyote kwa pamoja. Hapo utegemezi umeongezeka.

Mvua za 2023/2024 na somo la Rufiji

Kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, hali ya La Niña ilitawala Bahari ya Pasifiki na kudhoofisha mvua katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki. Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kilishuka kiasi cha kuwafanya wakazi wa Dar es Salaam kupewa ratiba ya mgawo wa maji. Mwaka uliofuata hali iligeuka. El Niño iliungana na joto lisilo la kawaida katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, na mvua za vuli zilizoanza Oktoba 2023 zikaungana na za masika bila nafasi ya ardhi kukauka. Wanasayansi waliochunguza mvua hizo za vuli katika nchi jirani za Kenya, Somalia na Ethiopia walibaini kuwa ongezeko la joto la dunia liliongeza ukali wake hadi kufikia mara mbili.

Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mhe. Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamepoteza maisha na wengine 236 kujeruhiwa kutokana na mvua za msimu huo. Zaidi ya kaya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 ziliathirika.

Wilaya za Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Mashamba ya mpunga na mahindi yalizama, na familia nyingi zilihamia maeneo ya miinuko. Kwa wakazi wengi wa bonde hilo, swali lilikuwa moja: kwa nini mafuriko makubwa yaje wakati bwawa limekwisha kujengwa?

Ufafanuzi wa Serikali ulikuwa kwamba bwawa lilizuia sehemu kubwa ya maji ya mvua za mwanzo, lakini maji yaliyoendelea kuingia yalilifikisha katika kiwango chake cha juu, ikawa lazima yaruhusiwe kupita. Bwawa lolote hufanya kazi hivyo. Likiwa na nafasi, hupokea kilele cha mafuriko na kukitoa taratibu. Likishajaa, kiasi kinachoingia ndicho kinachotoka. Kuzuia zaidi ya hapo ni kuhatarisha tuta lenyewe, na tuta likivunjika madhara yake hayapimiki. Kwa mkulima aliyepoteza mavuno ya mwaka mzima, hata hivyo, maelezo sahihi ya kihandisi hayarudishi gunia moja ghalani.

Tukio hilo linafunua mvutano uliomo katika uendeshaji wa bwawa lenye kazi mbili. Mzalishaji wa umeme hupenda maji yawe juu, karibu na mita 184 kutoka usawa wa bahari ambapo bwawa huhesabiwa limejaa, kwa kuwa kimo cha maji ndicho nguvu ya mtambo na akiba ya kiangazi. Anayelinda bonde dhidi ya mafuriko hupenda maji yashuke kabla ya masika, ibaki nafasi ya kupokea yatakayokuja. Kiwango cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 163. Kati ya namba hizo mbili kuna uamuzi unaopaswa kufanywa kila mwaka kwa kuzingatia utabiri, na uamuzi huo unagusa maisha ya watu.

Historia ya Rufiji inaongeza uzito wa jambo hili. Mafuriko si mgeni katika bonde hilo. Wakulima wake wana jina la kilimo kinachofuata maji yanapopungua, mlao, ambacho hutumia unyevu na rutuba iliyoachwa na mto. Wana pia madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo familia hukaa shambani wakati wa msimu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, Serikali iliwahamishia wananchi katika vijiji vya miinuko kupitia Operesheni Rufiji. Makazi yalipanda juu lakini mashamba yalibaki bondeni, kwa sababu huko ndiko kwenye rutuba. Hali hiyo haijabadilika sana.

Kwa hiyo haitoshi kumwambia mkulima wa Rufiji ahame. Maji yakizidi yanamwangamiza, na yakikosekana kabisa mlao unakufa, mikoko ya delta inapungukiwa maji baridi na wavuvi wa kamba wanapata hasara. Anachohitaji ni mto unaotabirika, na taarifa ya mapema pale usipotabirika.

Onyo linalomfikia mtu wa mwisho

Katika eneo la tahadhari, uwezo wa nchi umekua kwa kiwango ambacho si wengi wanakitambua. Agosti 2023, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa utabiri wa mvua za vuli ulioonyesha kuwa mvua zingekuwa juu ya wastani katika maeneo mengi, na utabiri huo ulitimia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipojitokeza katika Bahari ya Hindi na kuelekea pwani ya Tanzania, Mamlaka ilitoa taarifa mfululizo kabla hakijafika eneo la Mafia. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa na wavuvi wakatakiwa kubaki nchi kavu. Vimbunga ni nadra katika pwani hii. Wazee wa Lindi wana kumbukumbu ya kimbunga cha mwaka 1952. Taifa lilijikuta likijifunza tahadhari ya kimbunga huku kimbunga chenyewe kikiwa njiani.

Taarifa za mapema haziwezi kuokoa kila kitu. Mvua zilizoambatana na Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga na kwingineko, na mikoa ya kusini ikatengwa kwa siku kadhaa. Daraja lililosanifiwa kwa kumbukumbu za mvua za karne iliyopita halitambui mvua za karne hii.

Pia kuna maafa ambayo utabiri wa mvua peke yake hauyaoni. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani, mkoani Manyara. Watu 89 walipoteza maisha. Wataalamu wa Serikali walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi hadi ikameguka. Onyo la mvua kubwa lilikuwepo. Onyo la mlima huo kumeguka halikuwepo. Pengo kati ya mambo hayo mawili ndilo linalopaswa kuzibwa na ramani za maeneo hatarishi, upimaji wa miteremko na kamati za maafa zinazotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022.

Kwa Bonde la Rufiji, hatua inayofuata haihitaji teknolojia ya ajabu. Kina cha bwawa, kiasi cha maji kinachoingia na kiasi kinachoruhusiwa kutoka ni namba zinazopimwa kila siku. Namba hizo zikitolewa kwa Kiswahili chepesi kupitia redio za jamii, ujumbe wa simu na ofisi za watendaji wa vijiji, zikiambatana na maelezo ya siku ambayo maji yatafika Mloka, Utete au Muhoro, mkulima ataweza kuamua kama avune mapema, ahamishe mbegu au ainue dungu lake.

Bwawa huanza kujaa milimani

Maji yanayofika kwenye mitambo ya Julius Nyerere hutoka mbali. Mto Kilombero, unaopokea vijito vya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge, huchangia zaidi ya asilimia 60 ya maji ya Rufiji. Mengine hutoka Luwegu na Ruaha Mkuu. Maji ya Ruaha Mkuu, yakishapita Mtera na Kidatu, huingia Rufiji juu kidogo ya bwawa jipya na kuzungusha mitambo kwa mara ya tatu. Ni nadra tone moja la maji kulipa mara tatu. Lakini tone hilo likikosekana, hasara pia huhesabiwa mara tatu.

Na limekuwa likikosekana. Tangu miaka ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukisimama kutiririka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi. Chanzo chake ni ardhi oevu ya Usangu mkoani Mbeya, bonde linalolisha miji mingi kwa mchele wake na malisho yake. Kilimo cha umwagiliaji chenye mifereji inayopoteza maji, mifugo iliyozidi uwezo wa malisho na kilimo ndani ya vyanzo vimepunguza uwezo wa ardhi oevu kutunza maji na kuyaachia taratibu. Serikali iliiunganisha sehemu ya Usangu na hifadhi mwaka 2008, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji.

Utekelezaji wake ndio mgumu. Katika vijiji vya Iringa na Njombe, bustani za mabondeni ziitwazo vinyungu ndizo zinazoleta mahindi mabichi, maharage na mboga wakati mashamba ya milimani yamekauka. Kumwondoa mkulima kinyunguni ili mtambo uzunguke umbali wa mamia ya kilomita ni kumtaka alipe bili ya umeme ambayo wengine wanaitumia. Njia yenye haki ni kumpa mbadala: skimu za umwagiliaji zilizosakafiwa, miche ya parachichi na miti rafiki wa maji, na kipato kinachotokana na uhifadhi wenyewe. Bodi za maji za mabonde hutoza ada za matumizi ya maji kwa mujibu wa sheria. Sehemu ya fedha hizo ikirudi moja kwa moja katika vijiji vinavyotunza chanzo, uhifadhi utakuwa ajira.

Gharama ya kutofanya hivyo haiishii kwenye maji kupungua. Mlima ulioondolewa miti hauhifadhi mvua. Huiachia yote kwa siku moja, ikiwa imebeba udongo. Mafuriko huongezeka, na udongo huo hatimaye hutua chini ya bwawa na kula nafasi ya maji mwaka hadi mwaka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na ukuta huu ulishagharimu trilioni.

Mpito wa nishati waanzia jikoni

Kinachokata miti hiyo, kwa sehemu kubwa, ni sufuria. Kwa mujibu wa takwimu za Serikali, nchi hupoteza takriban hekta 469,420 za misitu kila mwaka, na kuni na mkaa vimo miongoni mwa sababu kuu pamoja na upanuzi wa mashamba. Inakadiriwa pia kuwa watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka kwa maradhi yanayohusishwa na moshi wa kupikia, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Ndiyo sababu Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, uliozinduliwa na Mhe. Rais Mei 8, 2024, unahusu usalama wa umeme kama unavyohusu afya. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, kutoka chini ya asilimia 10 wakati mkakati ulipokuwa ukiandaliwa. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100, zikiwemo shule na magereza, zimetakiwa kuachana na kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa ruzuku ya hadi nusu ya bei.

Mtihani wa mkakati huo hautakuwa idadi ya mitungi iliyogawiwa, bali idadi ya mitungi inayojazwa mara ya pili na ya tatu. Mama lishe hununua mkaa kwa kopo, kadiri ya fedha aliyopata siku hiyo. Gesi humtaka alipe kwa mkupuo. Mpango wa kulipia gesi kidogo kidogo kwa mita, ambao umeanza kuonekana mijini, unamfaa kuliko mtungi wa bure usiojazwa.

Umeme nao una nafasi ambayo haijatumika. Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na gridi ina ziada. Jiko la umeme la presha hupika chungu cha maharage kwa chini ya uniti moja. Kikwazo ni kwamba mteja wa kundi la matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Akizidisha, uniti za ziada humgharimu shilingi 350 kila moja. Kaya maskini inayohamisha mapishi yake kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye umeme inaweza kuvuka kikomo hicho kwa sababu tu imefanya kile ambacho Taifa linaiomba ifanye. Ni eneo ambalo Wizara ya Nishati na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) wana sababu ya kuliangalia, hasa wakati ambapo umeme upo na misitu inapungua.

Vyanzo vingi badala ya kimoja

Kinga dhidi ya mwaka wa ukame ni kuwa na vyanzo visivyotegemea mvua. Tanzania inavyo. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay imeendelea kuwa nguzo ya pili ya gridi kupitia vituo vya Ubungo na Kinyerezi. Gesi ni mafuta ya kisukuku, lakini uchafuzi wake ni mdogo kuliko wa makaa ya mawe au dizeli, na thamani yake kubwa katika mfumo huu ni kuwapo mvua inapokosekana.

Jua linakamilishana na maji kwa namna ya pekee. Mradi wa Kishapu mkoani Shinyanga, uliopangwa kufikia megawati 150 huku awamu ya kwanza ikiwa ya megawati 50, huzalisha zaidi wakati wa kiangazi, ambapo anga ni jeupe na mito iko chini. Kila uniti ya jua inayotumika mchana ni maji yaliyobaki bwawani kwa ajili ya saa za jioni. Upepo wa Singida na Makambako na jotoardhi ya Ngozi mkoani Mbeya bado havijachangia kwa kiwango kinachostahili. Kenya, yenye bonde la ufa lilelile, hupata zaidi ya theluthi moja ya umeme wake kutoka jotoardhi.

Majirani nao ni sehemu ya kinga. Njia ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Singida kupitia Arusha na Namanga hadi Isinya, Kenya, inaiwezesha nchi kuuza umeme mwaka wa neema na kununua mwaka wa dhiki. Kituo cha Rusumo chenye megawati 80, kinachomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, kinaonyesha kuwa ushirika wa aina hiyo unawezekana. Mkutano wa nishati wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Dar es Salaam Januari 2025, wenye lengo la kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo mwaka 2030, uliweka msukumo wa kisiasa nyuma ya mwelekeo huo.

Suala la nani alipe linabaki. Bara zima la Afrika huchangia chini ya asilimia 4 ya gesijoto zote duniani. Tanzania imejiwekea lengo la kupunguza ongezeko la uzalishaji wake kwa kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo mwaka 2030, kwa kutegemea pia msaada wa kimataifa. Mkutano wa Baku wa mwaka 2024 ulikubaliana nchi tajiri ziongoze upatikanaji wa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, kiasi ambacho nchi zinazoendelea zilikiona kidogo. Fedha hizo hazitakuja kwa haraka ya masika. Mambo mengi yaliyotajwa hapa, kuanzia taarifa za bwawa hadi ulinzi wa vyanzo, yanaweza kuanza bila kuzisubiri.

Mwananchi afuatilie nini

Mwananchi anayefuatilia taarifa za Serikali ana vipimo vinne vya kujua kama nchi inakwenda vizuri. Cha kwanza ni kina cha Bwawa la Julius Nyerere mwanzoni mwa masika na mwishoni mwa kiangazi. Cha pili ni iwapo Ruaha Mkuu unatiririka mwezi Oktoba. Cha tatu ni idadi ya kaya zinazoendelea kutumia nishati safi mwaka mmoja baada ya kuipata. Cha nne ni saa ambazo onyo la mafuriko huchukua kutoka bwawani hadi kitongoji cha mwisho cha Rufiji.

Zamani utabiri wa msimu wa TMA ulisubiriwa na wakulima, na mijini ulipita kama habari nyingine. Leo treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, friji ya dawa katika zahanati ya kijiji na mashine ya kusaga ya Makambako vyote vinategemea mvua ileile. Utabiri huo sasa ni taarifa ya umeme kama ulivyo taarifa ya kilimo, na anayekata mti Udzungwa au kuulinda anagusa taa iliyo mbali naye asiyoiona.